Ufunguo Mpya na Kitasa cha Babu

"Ufunguo mpya haufungui kitasa cha babu." Mmeisikia asubuhi, kidato cha kwanza, mkacheka kama mmeelewa. Hamjaelewa. Sogeeni. Mimi nilikuwepo ilipozaliwa, na aibu yake ni yangu.

Methali hii ilianza hivi. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na mbili: kumi na moja mpya, na kongwe moja, nzito kama jiwe la kusagia, tuliyoiita Babu. Asubuhi ya mtihani wa vitendo, Mwalimu Mkwizu alinituma niandae flashi ya kuwashia, niziwekee mashine zote Windows. Kumi na moja zikakubali bila mzozo. Nikaichomeka flashi kwa Babu. Kioo cheusi, na mstari mmoja: hakuna cha kuwashia.

Saa mbili tu zilibaki. Watahiniwa walikuwa kumi na wawili. Babu asipoamka, Zulfa, mwenye namba ya mwisho, hana mtihani.

Nikaipuliza flashi. Nikaifuta kwa shati. Nikabadilisha tundu. Wapi!

"Imechoka, Mwalimu," nikatangaza. "Imenyonyesha kumi na moja, maziwa yamekwisha." Nikaitupa kwenye ndoo ya taka.

Zulfa, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaingia akaiokota. "Fundi mpuliza, ulipoiandaa, programu ilikuuliza ni ya mashine mpya au za zamani. Ulichagua zipi?"

"Mpya, dada. Za kisasa."

"Na Babu ni wa kisasa?"

Nikatafuta pa kuficha uso.

"Tukiiandaa upya, vilivyomo vyote vinafutika," Mwalimu akasita. "Na ikigoma tena?"

"Mwalimu, sasa hivi nina nini cha kupoteza?" Zulfa akamjibu.

Tukakimbilia kompyuta ya Mwalimu. Mimi nabonyeza, Zulfa kanisimamia kama askari: "Chagua za zamani. Za zamani, nimesema!"

Tukaichomeka. Babu akakohoa, feni ikavuma kama mashine ya kukoboa, kisha kioo kikawa bluu, Windows ikaanza kuingia! Vigelegele! Mwalimu Mkwizu akasahau cheo, akaruka.

Msimamizi wa mtihani aliingia Windows ya Babu ikiwa imefika asilimia tisini na tisa.

"Na huyu?" akauliza.

"Anavaa viatu, mzee," nikamjibu.

Zulfa akaketi mbele ya Babu, akanigeukia. "Flashi ilikuwa nzima, mpuliza. Ufunguo mpya haufungui kitasa cha babu."

Basi leo nilipomwona mmoja wenu kasimama mbele ya Babu, flashi mdomoni, mashavu yamejaa upepo, ningemwambia nini kingine? Ufunguo mpya haufungui kitasa cha babu.