Mbuzi wa Mfalme na Binti Asiye na Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kwa kuwa televisheni zilikuwa zimekwisha kuwa bapa na watu wamesahau zile zenye mgongo, pale Muheza palikuwa na fundi wa redio, jina lake Hiza Mhina. Nasema Hiza Mhina, kwa kuwa Muheza ina kina Hiza wengi, na yuko pia Hiza Makange muuza machungwa, ambaye hahusiki kabisa na habari hii.

Hiza Mhina alikuwa na mke, Riziki. Riziki akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa mzima, ana sauti kubwa na nywele nyingi. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: jina.

Hakulikosa kwa ukame wa majina. Alilikosa kwa sababu yalikuja matatu.

La kwanza lilikuja na babu yake, baba yake Hiza, Mzee Mhina Semkiwa, mnyapara mstaafu wa shamba la mkonge. Akasema, "Mtoto huyu ni Chausiku. Chausiku ni mama yangu. Alibeba machungwa kichwani mpaka stesheni ili mimi nivae kaptura ya shule. Akafa sijamfanyia jambo."

La pili lilikuja na bibi yake, mama yake Riziki, Bi Mwantumu binti Sefu, kutoka Handeni. Akasema, "Mtoto huyu ni Mwanamvua. Mwanamvua ni dada yangu. Alinilea mimi, akafa hajazaa. Nami nikifa, hakuna atakayelitaja jina hilo tena."

La tatu lilikuja na shangazi yake, Mwanahamisi Mhina, dada mkubwa wa Hiza. Akasema, "Mtoto huyu ni Tunu. Tunu si marehemu wa mtu. Ni jina nililomwekea binti yangu tangu nilipoolewa. Binti hakuja. Vinguo vyake nimekwisha kuvigawa. Jina sijampa mtu."

Kila mmoja alikuwa na haki ya kusema, na kila mmoja alisema, tena kitandani kwa mzazi. Nanyi mnajua kuwa Wabondei wa Muheza na Wazigua wa Handeni ni watani, kwa hiyo maneno hayakupungua.

"Chausiku!" alisema Bi Mwantumu. "Mtoto kazaliwa saa sita mchana, mkwe. Ninyi Wabondei hata jua hamlijui?"

"Na Mwanamvua je?" alijibu Mzee Mhina. "Handeni mvua mmeiona lini? Mnataka jina la kitu mnachokisikia redioni."

"Tunu halina usiku wala mvua," alisema Mwanahamisi.

"Wewe subiri, wakubwa wanazungumza," walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Majirani wakaja kumpongeza mzazi. Wakauliza, "Mtoto anaitwaje?" Wakajibiwa, "Bado." Ikafika siku ya akika. Mbuzi amechinjwa, pilau imeiva, Maalimu Hatibu amekaa uani na wembe wake wa kumnyoa mtoto, na wageni wamejaa mikekani. Hapo mke wa muuza mkaa akaingia chumbani, akanyoosha mikono, akasema, "Nipeni Bado nimbebe."

Riziki akashtuka. Aliujua mji ule. Alimjua mtu mzima mwenye wajukuu anayeitwa Kesho, kwa kosa la namna hiyohiyo.

Akakaa kitako, akasema, "Wazazi wangu, mimi nina usingizi. Sitaki tena hoja. Pale ukumbini iko gemu ya mume wangu, ile ya Mbuzi wa Mfalme. Mtu humwongoza mbuzi, akapita msitu, akavuka mto, akawaepa fisi, mpaka kwa mfalme. Kila mmoja ana zamu moja. Atakayemfikisha mbuzi kwa mfalme, huyo ampe mwanangu jina. Wengine wanyamaze."

Wote watatu walikubali upesi mno, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amewahi kufuga mbuzi.

Wakahamia ukumbini, Riziki na mtoto wake juu ya kiti kikubwa, wageni wenye njaa madirishani. Hiza akawasha mashine, akawaonyesha pedi ya kuchezea: kitufe hiki cha kwenda, hiki cha kuruka, hiki cha kuvuta kamba.

Mgeni hutangulizwa. Bi Mwantumu akapewa pedi. Televisheni ikasema kwa sauti ya kijana mstaarabu, "Karibu. Chagua kiwango: Rahisi, Wastani, Ngumu, au Balaa."

Bi Mwantumu akajifunga kanga vizuri. Alisikia kwamba amekaribishwa, na kwamba anaambiwa achague. Kwao alifundishwa kuwa mgeni akiletewa sinia akaambiwa achague, hatii mkono kwenye paja la kuku.

"Ahsante, mwanangu," aliiambia televisheni. "Nipe hicho cha kwanza. Kinanitosha."

Hiza akafungua mdomo. Lakini yule alikuwa mama mkwe wake, na mkwe hakosolewi mbele za watu. Hiza akafunga mdomo.

Basi mbuzi akatoka. Alimfuata Bi Mwantumu kama mtoto anayekwenda kununuliwa kashata. Msitu ulikuwa na miti michache, imepandwa kwa mstari. Mto ulimfika kwenye kifundo cha mguu. Fisi alikuwa mmoja, amelala, na alipoamka alimpisha njia. Mfalme akasimama, ngoma zikalia, maandishi ya dhahabu yakatokea: UMESHINDA. Chai ya Bi Mwantumu ilikuwa bado ina moshi.

"Wafalme wa siku hizi wanafikika," alisema, akachukua kikombe chake.

Akaja Mzee Mhina. Televisheni ikasema, "Karibu. Chagua kiwango: Rahisi, Wastani, Ngumu, au Balaa."

Mzee Mhina akasema, "Mgeni kachukua mzigo mwepesi, na ndivyo inavyopasa. Mwenye mji hubeba ule mzito. Balaa."

Hiza akafungua mdomo. Lakini yule alikuwa baba yake mzazi. Hiza akafunga mdomo.

Basi mbuzi akatoka, akasimama. Kisha akaenda kinyumenyume. Kisha akala ramani. Mzee Mhina akavua koti. Mbuzi akala kamba. Mzee Mhina akamfokea kwa sauti ileile iliyowatoa watu vitandani alfajiri katika shamba la mkonge, "Wee! Rudi mstarini!" Nje, wapishi wawili waliacha miko wakasimama wima. Mbuzi hakujali.

Msitu ulikuwa umefunga. Mto ulikuwa umejaa na una mamba, na mamba walikuwa na ndugu zao. Fisi walikuja kundi zima, na mmoja wao alikuwa amevaa ngozi ya mbuzi, hata Mzee Mhina akamwongoza huyo kwa muda mrefu kabla ya kuona tofauti. Wageni madirishani walisahau njaa. "Kushoto, mzee! Si huyo, mzee, huyo ni fisi!" Naye akavuka, akaepa, akaruka, jasho linamtiririka, mpaka akatokea katika ua wa mfalme, na mbuzi wake, aliye mbuzi kweli. Watu wakapiga vigelegele.

Mfalme akamtazama mbuzi juu mpaka chini.

"Amekonda," alisema mfalme. "Mimi ni wa kuletewa mifupa? Mrudishe."

Maandishi mekundu yakatokea: UMESHINDWA.

Mzee Mhina akaokota koti lake, akalivaa. Mwishoni akauliza, "Nani kamlea mfalme huyu?"

Akaja Mwanahamisi. Televisheni ikasema, "Karibu. Chagua kiwango: Rahisi, Wastani, Ngumu, au Balaa."

Mwanahamisi akasema, "Mama kachukua cha chini kabisa, baba kachukua cha juu kabisa. Nikichukua cha chini, nitasemwa namkimbilia mama. Nikichukua cha juu, nitasemwa nashindana na baba. Nipe Wastani, asiwepo wa kuona aibu."

Hiza akafungua mdomo. Lakini yule alikuwa dada yake aliyembeba mgongoni. Hiza akafunga mdomo.

Basi mbuzi akatoka. Alikuwa mbuzi wa kawaida: mara anafuata, mara anasimama kula. Msitu akaupita. Mtoni akaanguka. Mashine ikamrudisha ukingoni. Akaanguka tena. Ikamrudisha. Akaanguka tena, mbele ya wageni wote, na kila akianguka alisema "Bismillahi" na kuinua miguu yake halisi kutoka sakafuni. Wageni wakacheka. Naye akajaribu tena.

"Mbona mto unakupwa?" aliuliza Bi Mwantumu.

Mwanahamisi akavuka, akakutana na fisi, akang'atwa. Akang'atwa tena.

"Na huyo fisi," alisema Bi Mwantumu, "mwanzo si alikuwa na meno?"

Safari ya mwisho fisi alikuja akichechemea, akanusa, akaketi. Mbuzi mkaidi akafuata kamba mwenyewe mpaka kwa mfalme. Mfalme akasimama, ngoma zikalia: UMESHINDA.

Mzee Mhina akageuka. "Hiza, hiki ni nini?"

Kwa kuwa sasa ameulizwa, Hiza akajibu. "Baba, gemu hii ukichagua Wastani, ikiona unaanguka sana, inapunguza ugumu kidogo kidogo. Haikuambii, isije ikakuvunjia heshima."

"Basi dada yako kamaliza kwa kiwango kipi?"

"Hakuna ajuaye, baba. Mashine yenyewe haisemi."

"Na wewe ulijua kuwa viwango hivi vinatofautiana namna hii?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, baba? Mama mkwe? Wewe? Au dada?"

Wakatazamana. Wakakubali kwamba kijana amelelewa vizuri, kisha wakamkasirikia vilevile.

Bi Mwantumu akaweka kikombe chini. Akasema, "Neno la Riziki lilikuwa moja, kumfikisha mbuzi. Mimi nimemfikisha, amenenepa, ngoma zimelia. Hakuna aliyeniambia kuwa Rahisi ni aibu. Nilichukua kidogo kwa adabu ya mgeni. Leo mnipokonye dada yangu kwa sababu nina adabu?"

"Mkwe," alisema Mzee Mhina, "mbuzi wako alikwenda mwenyewe. Wewe ulimsindikiza. Mbuzi aliyevuka mto wenye maji ni wangu. Alisimama mbele ya mfalme, na mji mzima umemwona. Kama mfalme hakumtaka, hilo ni la mfalme. Mama yangu hakunipitisha njia ya mkato, nami sikumtafutia njia ya mkato."

"Alifika mifupa, mkwe."

"Alifika!"

Mwanahamisi akasema, "Mama hakuanguka. Baba hakupokelewa. Mimi nilianguka, nikachekwa, na nikapokelewa. Mlinisikia nikiomba msaada? Mashine imenihurumia kwa hiari yake. Mtu akihurumiwa bila kuomba, hurudisha kwa nani?"

"Lakini, mwanangu," alisema Bi Mwantumu, "mto ulikauka."

"Ulikauka, mama. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulowa."

Mgeni mmoja wa dirishani akatoa shauri: warudie wote watatu kwa kiwango kimoja, mambo yaishe. Wakauliza, kiwango kipi? Bi Mwantumu akasema Rahisi. Mzee Mhina akasema Balaa. Mwanahamisi akasema Wastani. Yule mgeni akarudi mkekani.

Mgeni mwingine akasema mtoto apewe majina yote matatu. Mwanahamisi akatikisa kichwa. "Yataandikwa matatu," alisema, "lakini akiwa nje anacheza na chakula kimeiva, ataitwa kwa moja. Hilo moja ndilo tunaloligombania."

Na wote wakajua kuwa amesema kweli, hata waliotaka kumpinga.

Wakamgeukia Riziki. Riziki akasema, "Mimi nilisema atakayemfikisha mbuzi. Sikujua kuwa ziko njia nne za kwenda kwa mfalme mmoja."

Hapo Maalimu Hatibu akaingia na wembe na bakuli la maji, kwa kuwa aliambiwa ukumbini kumetulia. Akaketi mbele ya Riziki. Akampokea mtoto, akamlaza mapajani, akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio dogo. Mtoto akanyamaza kulia. Hata wapishi walikuja dirishani.

"Jina?" akauliza Maalimu Hatibu.

Midomo mitatu ikafunguka. Riziki akainua mkono, ikafungwa. Bi Mwantumu alikuwa anatazama sakafu. Mzee Mhina alikuwa anatazama ukuta. Mwanahamisi alikuwa anamtazama mtoto.

Nanyi mnaosikiliza, jibuni upesi, maana Maalimu ni mzee na hawezi kuinama muda mrefu. Mmoja alifika bila kuanguka, kwa kuwa alichukua kidogo kwa heshima. Mmoja alipita njia nzito kuliko zote, akakataliwa mlangoni. Mmoja alianguka, akainuka, akapokelewa, na mpaka leo hajui alipita njia ipi. Chausiku, Mwanamvua, Tunu.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?