Wodi ya Mzee Devshi

"Mjenga wodi hulaza wa kwake." Methali hiyo mnaitumia kumsuta mtu, lakini ilikotoka hamkujui. Ilitoka hapa hapa Kwamsangazi, enzi za mkonge.

Kiwanda cha mkonge kilikuwa cha Mhindi mmoja, Mzee Devshi. Alianza na duka la kamba, akaishia na mashamba mpaka mtoni. Alijenga shule, akachimba visima, mwisho akajenga wodi ya wazazi na kuleta mkunga. Akawaambia wafanyakazi, "Msiwarudishe wake zenu kwao kuzaa. Mila hiyo inaua. Leteni hapa."

Hakuna aliyeleta. Kuku wakaingia wodini, wakataga.

Shekigenda, mtu wa mashine ya mkonge, alikuwa na hofu yake. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, mkewe Mwanamkasi akipandishwa mlimani kwa mama yake. Sasa mimba nyingine, miguu imevimba. Yeye aliitaka wodi. Mkewe akagoma.

"Nikalale kitanda ambacho hajalala mtu? Mimi ndiye wa kujaribiwa?"

Asubuhi moja gari la Mzee Devshi likasimama getini, masanduku juu. Nyuma kakaa Kusum, mke wa mwanawe, tumbo mbele. Shekigenda akasogea dirishani.

"Shikamoo, mzee. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Nampeleka mkwe wangu kwao Mombasa. Sisi, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke."

"Hata sisi, mzee. Ndiyo hiyo uliyosema inaua."

Dereva akamkaripia, "We Shekigenda, kazi umeichoka?"

"Kazi naitaka. Na mke namtaka. Mzee, wodi yako nzuri au mbaya?"

"Nzuri! Nimejenga mwenyewe!"

"Sasa mbona ya wake zetu tu?"

Kusum akacheka kule nyuma. "Baba, hapo amekushika. Na mimi ile barabara naiogopa."

Mzee akamwambia dereva, "Shusha masanduku."

Siku zilipofika, Kusum akazaa wodini, kitanda cha mlangoni. Mwanamkasi akaenda kumwona mtoto, akabonyeza godoro, akamhoji mkunga mpaka mkunga akachoka. Uchungu ulipomshika, alikwenda mwenyewe. Akazaa msichana mwenye sauti kubwa kushinda king'ora cha kiwanda.

Kiwanda kimekufa, mzee naye kafa, jina lake getini limeliwa na kutu. Wodi bado inajaa. Na diwani akija kuisifia shule yetu, watu humwuliza wanawe wanasoma wapi. Akianza kujiumauma, wanamwambia: mjenga wodi hulaza wa kwake.