Chuo Chenye Kuu Mbili

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata Kobe hakuikuta, Pimbi alikuwa akiishi nyumbani kwa mjomba wake, Ndovu.

Msicheke. Pimbi ni mdogo kama sungura na Ndovu ni Ndovu, lakini hao ni ndugu wa damu. Siku mkimwona Pimbi akipiga mwayo, tazameni meno yake mawili ya mbele, mtaziona pembe za mjomba.

Basi Pimbi alimaliza shule, akafaulu, akapata nafasi katika vyuo viwili. Cha kwanza kilikuwa Chuo Kikuu cha Kileleni, cha Simba, chenye lango la mawe na tarumbeta kila asubuhi. Huko walimpangia kusomea kunguruma. Cha pili kilikuwa Chuo cha Bondeni, cha Bibi Nguchiro, chenye paa la makuti yaliyotoboka. Huko walifundisha ukunga, na Pimbi tangu utotoni alitaka kuwa mkunga.

"Kesho nakupeleka Kileleni," Ndovu alisema wakila.

"Mjomba, mimi nataka Bondeni."

Tawi likamtoka Ndovu mdomoni, pwa.

"Bondeni? Wanakosoma akina Panya? Nimeshamwambia Nyati kuwa mpwa wangu anaenda Kileleni. Nimeshamwambia Twiga, na Twiga akijua jambo, huwa limeonekana mbali."

"Lakini huko nitasomea kunguruma."

"Kuna ubaya gani?"

"Hebu sikiliza." Pimbi akavuta pumzi, akatoa macho, akanguruma: "Nyii."

Bi Ndovu, mke wa mjomba, alikuwa amejilaza kando na mimba yake iliyokomaa. Alicheka mpaka tumbo likatikisika.

"Wataikuza sauti hiyo," akasema Ndovu. "Simba ana walimu."

"Digidigi walimkuzia. Alirudi na shahada, akaenda kumngurumia Chui. Mpaka leo anachechemea."

"Digidigi hakujituma. Kesho, Kileleni."

 Pimbi alijua akishapita lile lango la mawe, ukunga ndiyo basi tena. Na kubishana na Ndovu ni kusukuma mlima. Lakini mlima, wanangu, hausukumwi. Mlima huzungukwa.

Akatafuna jani, akamsikiliza mjomba akijisifia: chuo kikuu hivi, chuo kikuu vile. Kila alipofika kwenye "kuu", masikio yake yalipepea, papa, papa. Pimbi akayatazama yale masikio.

"Mjomba, Kileleni ni chuo gani vile?"

"Chuo kikuu."

"Hapo kuna kuu ngapi?"

Ndovu akafikiri. "Moja."

"Aa. Moja."

"Kwani zinatakiwa ngapi?"

"Hakuna neno, mjomba. Ni kwamba Bondeni ni chuo kikuukuu. Ila kama wewe umeridhika na kuu moja, mimi ni nani? Kesho twende."

Masikio ya Ndovu yakasimama.

"Sema tena."

"Kikuukuu. Muulize Bibi Nguchiro mwenyewe, hatakuficha. Hata madawati yao makuukuu. Hata vyungu vikuukuu."

"Mpaka vyungu?" Ndovu akanong'ona.

Mnashangaa hakulijua neno? Ndovu alizaliwa katika neema. Hakuwahi kurithi shati la kaka yake wala kulia kwenye sahani yenye ufa. Neno hilo lingempata wapi? Bi Ndovu alimtazama Pimbi, akafungua mdomo, akaufunga, akaomba maji.

Kesho yake Pimbi alipelekwa Bondeni. Ndovu naye, di, di, di, akazunguka msitu mzima.

"Nyati, mwanao anasoma wapi?"

"Kileleni."

"Pole, ndugu yangu. Kuu moja tu ile. Wetu yuko chuo kikuukuu."

Nyati hakutaka kuonekana mshamba. "Hata mimi nilikuwa na mpango wa kumhamisha," akasema.

Masika yalipoanza, Ndovu akavaa kanzu mpya, akaenda kumtembelea mpwa wake. Alikuta paa linavuja, to, to, to. Akakalia benchi. Kwacha! Akajikuta chini.

"Bibi," akamwambia Nguchiro, "chuo kikuukuu ndicho hiki?"

"Kikuukuu hasa, baba. Kilichakaa kabla sijazaliwa."

"Kilichakaa?"

"Si ndiyo maana yake?"

Tone la mvua likamdondokea Ndovu puani. 

"Pimbi," akaita kwa upole uliotisha.

Pimbi akatokea, mikono imelowa maji ya moto ya kazini, akasimama mbali kidogo kupita urefu wa mkonga.

"Ulinidanganya."

"Neno gani halikuwa kweli, mjomba?"

Ndovu akatafuta. Hakuliona. "Kusanya vitu vyako. Twende Kileleni, sasa hivi."

Akanyoosha mkonga amkamate. Mara mlango ukafunguka, akaingia Nyati na mwanawe na sanduku. Kutoka kwenye tundu la paa kikashuka kichwa cha Twiga, kinachuruzika maji.

"Ndovu, ahsante kwa kutufungua macho," akasema Twiga. "Tumewaleta wetu pia. Ni kweli ni kuu mbili?"

Ndovu akamtazama Twiga. Akamtazama Nyati. Akawaza msitu mzima ukimcheka, kuanzia Tumbili. Pole pole, mkonga ukashuka.

"Mbili," akasema. "Hesabuni wenyewe."

Akarudi nyumbani na kanzu yenye matope.

"Mke wangu, wewe neno lile ulilijua?"

"Wewe kila sikukuu una kanzu mpya. Kanga yangu hii ni kuukuu tangu tuoane. Nitaachaje kulijua?"

"Mbona hukuniambia?"

Bi Ndovu akapapasa tumbo. "Huyu akianza kutoka, nimwite nani? Aliyesomea kunguruma?"

 Ndovu akachukua tawi, akala.

Njia ya hadithi yangu inaishia hapo, wanangu, na funzo lake ni moja: apendaye jina kuliko kitu, hufungwa kwa jina.