Matanga ya Bibi Ruolan

Nagonga!

— Ingia!

Nimebeba!

— Tua!

Nimebeba nini?

— Uongo mtamu!

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna njugu, tafuna taratibu, nami nijisikie ninachosema.

Hapo kale, kale ya kale, katika nchi ya Uchina, ukoo mmoja wa wafalme ukianguka na mwingine ukipanda, palikuwa na mji mdogo ulioishi kwa hariri. Kila nyumba ilifuga viwavi. Viwavi walikula majani ya miforosadi, wakasokota nyuzi, nyuzi zikawa nguo, nguo zikaleta wali mezani. Miforosadi ikifa, viwavi wamekufa. Viwavi wakifa, mji umekufa. Mmenipata?

— Tumekupata!

Mji ule ulikuwa na liwali, jina lake Duan. Liwali Duan alikuwa na tumbo mbele, kofia juu, na mama nyumbani. Mama mwenyewe ni Bibi Ruolan, aliyemlea na kumsomesha kwa kufuga viwavi hao hao, mpaka vidole vikamchubuka.

Siku moja Duan akatoa amri: miforosadi yote ya kando ya mto ikatwe keshokutwa, ajengewe ukumbi wa kunywea chai. Chai, jamani! Na viwavi ndiyo kwanza wameingia ile wiki yao ya mwisho, wanakula mchana kutwa, ukiwasikia utadhani mvua inanyesha.

Jirani yao, mjane Suyin, akaja kwa bibi analia. "Mama, wangu wamebakiza siku sita tu wasokote. Wakikosa majani siku mbili, nimekwisha mimi na wanangu."

Bibi Ruolan akamwendea mwanawe. "Duan, mwanangu, iache miti."

"Mama, kula ulale."

Akamwendea mara ya pili. "Duan, miti hiyo ndiyo iliyokusomesha."

"Mama, kula ulale."

Akamwendea mara ya tatu. "Duan, nakuomba. Mimi, mama yako, nakuomba."

"Mama! Kula, ulale!"

"Haya," akasema bibi. "Nalala."

Sasa sikilizeni mambo ya Uchina. Huko, mzee hujitengenezea jeneza mapema, likakaa chumbani, likapakwa rangi kila mwaka. Wala si uchuro, ni heshima. Na wenye busara wao walifundisha kuwa asiyemheshimu mzazi hafai kuongoza hata bata. Kwa hiyo sheria ilisema: mzazi wa liwali akifa, siku hiyo hiyo liwali anavua kofia, anakaa matanga miaka mitatu kibandani, anakula uji mtupu. Na amri zake zote zinafutwa.

Bibi akajipaka unga wa mchele usoni, akapanda ndani ya jeneza lake, akakunja mikono. Aliyejua ni Suyin peke yake.

Duan akaingia, akamwona. Mnadhani alilia?

— Alilia!

Thubutu! Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Ah, mama nawe! Wiki hii?" Akafunga mlango. Akawaambia watumishi kwamba mama ana mafua, asisumbuliwe.

Hilo bibi hakulitarajia. Siku nzima alilala akisubiri kilio cha mwanawe. Kimya. Siku ya pili, kimya. Suyin akampenyezea maandazi dirishani, bibi akala huku machozi yanachuruzika kwenye unga.

"Suyin," akasema, "nilidhani namtega liwali. Kumbe nimemtega mwanangu, na inaniuma."

"Nifanye nini, mama?"

"Nililie wewe. Nililie barabarani."

Weee! Suyin alilia! Alilia darajani, alilia sokoni, alilia mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni alikofikia mkaguzi wa mfalme. Siku ya tatu asubuhi, mashoka yameshafika mtoni, mkaguzi huyo akabisha hodi kwa liwali amevaa nyeupe, maana msiba wa huko huvaliwa nyeupe.

"Pole kwa kufiwa na mama," akasema.

"Kufiwa? Nani? Mama yangu mzima kabisa! Mafua tu."

"Vizuri sana. Basi nimsalimie."

Lo! Duan mbio ndani. Akamviringisha mama kwenye blanketi, macho kayafumba, akamkalisha kitini nyuma ya pazia. Mnauliza hakusikia anapumua? Aliyebeba maiti kwa woga hasikii kitu ila moyo wake unavyodunda. Akachuchumaa nyuma ya kiti.

"Shikamoo, mama," akasema mkaguzi kutoka upande wa pili.

"Marahaba," akajibu Duan, kasauti kembamba kama kuku aliyekabwa.

"Mwanao anakutunza?"

"Sana, sana!"

"Na watu anawatunza?"

"Hana mfano!"

"Na ile miforosadi, ikatwe?"

"Ikatwe, mwanangu, ikatwe!"

"Isikatwe!" akasema maiti.

Duan akaruka, pazia likang'oka, akatoka nalo kichwani anapiga mayowe: "Mama, si umekufa tangu juzi!"

Mtumishi aliyetaka kupiga chafya aliimeza.

"Tangu juzi?" akauliza mkaguzi.

Bibi akajifuta unga. "Mimi mzima, bwana mkubwa. Nilitaka miti ipone."

"Mnaona? Ni mzima!" akasema Duan. "Basi sina kosa!"

"Kwake yeye ni mzima," akasema mkaguzi. "Kwako wewe alikufa siku tatu, na ukamkalisha kitini ili usivue kofia. Vua. Nenda ukakae matanga yako."

"Miaka mitatu? Matanga ya mtu aliye hai?"

"Una bahati. Ukikosea, marehemu atakurekebisha."

Mashoka yakarudi nyumbani. Viwavi wa Suyin wakala wakashiba, wakasokota. Na Duan akaingia kibandani. Kila asubuhi anampelekea mama uji, anapiga magoti, anaomboleza.

"Hicho kilio, au unaita mbuzi?" bibi anauliza. "Rudia."

Mwaka wa kwanza, rudia. Mwaka wa pili, rudia. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, Duan akafika na uji, akakuta mama hajaamka. Akaita, "Mama." Akaita, "Mama!" Akaita mara ya tatu, bakuli likamponyoka. Akamkumbatia, akamshika uso, akalia kilio ambacho hakuna aliyemfundisha, mpaka Suyin akaja mbio na majani mikononi.

Bibi Ruolan akafumbua jicho moja.

"Hapo sasa," akasema, akamvuta kichwa mapajani kwake, akalia naye.

Ngano imefika ukingoni. Aliyecheka, kicheko ni chake. Aliyesinzia, amuulize jirani. Na wewe mwenye mama, inuka ukamwamkie, nami nikanywe maji.