Siku Kompyuta Zote Zilipogoma

Kisa hiki nimeletewa na mwenzangu, na nilipokimaliza niliona si haki kukaa nacho peke yangu. Kisome taratibu, kisha nawe umpe mwingine.

Palikuwa na hospitali moja ya misheni huko milimani, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na wagonjwa hufika wamejifunika mablanketi. Fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo aliitwa Odilo Haule. Alikuwa mpole na mchapakazi, lakini alikuwa na kidonda kimoja moyoni. Kila mara kitu kilipoharibika, watu walisema, "Enzi za Ponsiano hili lingekuwa limekwisha."

Ponsiano Kapinga ndiye aliyekuwa fundi kabla yake. Alihamia hospitali nyingine, wilaya ya jirani, akamwacha mkewe Skolastika akiendelea kusimamia duka la dawa la hospitali hii. Odilo na Ponsiano hawakuwahi kugombana. Lakini simu pia hawakuwa wakipigiana.

Sasa hospitali ilikuwa imepata mashine mpya ya kupima damu. Mashine ilikuwa nzima, ila haikuweza kuelewana na kompyuta za maabara mpaka zisasishwe, yaani ziletewe programu mpya. Mpaka hapo, kina mama wajawazito walikuwa wakipelekwa mjini kupimwa, safari ya kutwa nzima kwenye barabara ya makorongo. Sista Editha, mkuu wa hospitali, alikwishatangaza kanisani kwamba wiki hiyo safari hizo zingekoma.

Jumatatu asubuhi Odilo akaketi maabara kuanza kazi, kazi aliyoizoea kama kunawa uso. Kompyuta hupita mtandaoni hadi kwenye ghala la programu. Kwanza husoma orodha ya ghala: kila mzigo na jina lake, ukubwa wake na muhuri wake. Kisha huchukua mzigo wenyewe, huulinganisha na orodha, na vikipatana huupokea.

Siku hiyo havikupatana. Kompyuta ikaandika: "Mzigo haulingani na orodha. Umekataliwa."

Odilo akajaribu tena. Umekataliwa. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Umekataliwa. Akabadilisha waya wa mtandao, akatazama kama saa ya kompyuta imekosea, akafuta mafaili ya zamani kupata nafasi. Jibu likawa lile lile.

Akahamia kompyuta ya pili, akaenda ya mapokezi, akaenda ya duka la dawa. Zote zikamjibu kwa maneno yale yale, kana kwamba zilikuwa zimekaa kikao na kukubaliana.

"Kuna nini, Fundi?" akauliza mhudumu wa maabara.

"Kitu kidogo tu," akasema Odilo. Lakini jasho lilikuwa limeanza kumtoka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Jumanne akaamua kufanya lile ambalo mafundi hufanya wakichoka kufikiri. Alichukua kompyuta ya mapokezi, akaifuta yote, ili aipande upya, yaani aiwekee kila kitu upya kuanzia mwanzo. Kumbukumbu za wagonjwa alikwishazinakili pembeni, kwa hiyo hakuwa na hofu. Ila alisahau jambo moja. Ili kuipanda upya alihitaji programu, na programu zilitoka kwenye ghala lile lile.

"Mzigo haulingani na orodha. Umekataliwa."

Sasa alikuwa na kompyuta isiyo na kitu ndani, na foleni ya wagonjwa iliyofika hadi kwenye ngazi za nje. Karani wa mapokezi akatoa kalamu na makaratasi, akaanza kuandika majina kwa mkono. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani leo mmerudi zamani?" Watu wakacheka. Odilo hakucheka.

Sista Editha akamkuta amesimama pale, mikono kiunoni.

"Fundi, tatizo ni nini?"

"Sista, nisikudanganye. Sielewi. Jana asubuhi kabla sijazigusa zilikuwa nzima. Leo zote zinaumwa, na zote zinaumwa ugonjwa mmoja."

"Kitu kinawezaje kuharibika chenyewe, tena mahali pote kwa pamoja?"

Mtu asiye na jibu akibanwa, hutoa la kwanza linalomjia. Odilo akasema, "Labda kuna mtu alitutegea kitu humu kabla ya kuondoka."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kabla ya chakula cha mchana, hospitali nzima ilikuwa inanong'ona kwamba Ponsiano aliacha mtego kwenye kompyuta. Kufika jioni, maneno yakawa yameota miguu: mtego ule ulihitaji mtu wa kuufyatua kutoka ndani, na nani mwingine yuko ndani kama si mkewe?

Jumatano asubuhi Sista Editha alimwita Skolastika ofisini. Odilo naye aliitwa. Sista alikuwa mwanamke wa haki, na jambo lile lilimtesa, lakini dawa za hospitali hazichezewi.

"Skola, sisemi umefanya kosa," akasema. "Ila mpaka tujue ukweli, naomba funguo za duka la dawa. Nenda nyumbani upumzike."

Skolastika akazifungua funguo kiunoni polepole, akaziweka mezani. Hakumtazama Sista. Alimgeukia Odilo.

"Fundi, nikuulize. Umeuona mkono wa mume wangu humo, au umeona tu kwamba huelewi?"

Odilo akazitazama zile funguo mezani.

"Nimekaa kwenye dirisha lile tangu wanangu hawajaota meno," akasema Skolastika. "Leo napita mbele ya wagonjwa wangu kama mwizi." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakamfuata kwa macho mpaka getini, na hakuna aliyemsalimu.

Swali lile lilimchoma Odilo. Mtu mwingine lingemrudisha nyuma, lakini yeye lilimsukuma mbele, kwa sababu sasa alilazimika kuupata huo mtego; asipoupata, atakuwa amemfukuza mama wa watu kwa neno tupu. Akaivamia kompyuta ya duka la dawa. Akafungua faili moja baada ya jingine. Hakuona kitu cha ajabu. Akaifuta nayo.

Ikawa tupu kama ya mapokezi.

Kwenye dirisha la dawa alikuwa amewekwa muuguzi kutoka wodini. Hakujua kipi kiko rafu ipi, na kompyuta ya kumwelekeza haikuwepo tena. Mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye pumu alisubiri mpaka mtoto akaanza kukoroma kifuani, ndipo daktari mwenyewe akaja mbio kuitafuta dawa kwa mikono yake. Akaipata. Lakini alipopita karibu na Odilo alisema neno moja tu: "Fundi!" Na lile neno moja lilikuwa zito kuliko tusi.

Baada ya chakula cha mchana Sista akasema, "Inatosha. Nitawaita polisi waende kumhoji Ponsiano huko aliko."

"Sista, naomba nimpigie kwanza," akasema Odilo. "Asikie kwamba tumemjua. Labda ataogopa, aseme alichofanya."

"Haya. Piga hapa hapa, weka spika nami nisikie."

Odilo akapiga. Alikuwa amepanga maneno makali ya kuanzia. Simu iliita kidogo tu, ikapokelewa, na kabla hajasema hata salamu, sauti ya Ponsiano ikajaa chumbani.

"Odilo! Ndugu yangu, Mungu amekutuma. Tangu juzi nashika simu nikupigie, naona haya."

Odilo akamtazama Sista. "Haya ya nini?"

"Nisaidie, kaka. Kompyuta zangu huku zote zimegoma. Kila nikizisasisha zinaniambia mzigo haulingani na orodha. Nimejaribu kila kitu. Nimezifuta tatu, zimebaki kama matofali, hazina kitu ndani. Mkuu wangu wa hapa ananiangalia kama nimeziharibu makusudi. Nikasema, yule Odilo kasoma juzijuzi, huenda analijua hili."

Sista Editha akavuta kiti, akakaa.

"Uko hapo?" akauliza Ponsiano. "Nakuomba jambo moja, usimwambie Skola. Hata yeye sijamwambia. Asije akajua mumewe ameshindwa na kazi."

Sista akayageuza macho yake, yakaangukia funguo zilizokuwa bado pale mezani.

Kwa siku zote hizo Odilo alikuwa akimtafuta mharibifu, na huyo mharibifu alikuwa amekaa ng'ambo ya mlima, akitokwa jasho lile lile.

"Kaka Ponsiano, na zangu zimegoma. Maneno yale yale."

"Hata zako?"

"Hata zangu. Wewe unachukua programu kutoka ghala gani?"

"Lile la karibu, la mjini. Lina kasi."

"Mimi pia."

Wakawa kama watu wawili walioumwa tumbo wanaokumbuka kwamba walikula harusi moja. Kisha Ponsiano akasema polepole, "Basi zilizoharibika si kompyuta."

Hawakuhitaji muda mrefu. Huku simu ingali wazi, kila mmoja akaielekeza kompyuta yake moja kwenye ghala jingine, la mbali na la polepole. Wakatupa ile orodha ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa ndani, wakaagiza mpya. Odilo akabonyeza. Mzigo wa kwanza ukashuka, ukalinganishwa na orodha, ukapokelewa. Ukaja wa pili, ukapokelewa. Huko kwenye simu Ponsiano alikuwa anacheka kama mtoto.

Kisha Odilo akawapigia watunzaji wa ghala la mjini. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya uchovu. Aliposikia habari, akaenda kuangalia, akarudi akiomba radhi. Jumapili walikuwa wanaingiza mizigo mipya, umeme ukakatika wakati orodha inaandikwa. Mizigo ikawa mipya, orodha ikabaki nusu mpya, nusu ya zamani. Kila kompyuta iliyoisoma ilikataa mizigo, na ilifanya vema kukataa.

"Lakini mbona hamkuirekebisha mpaka leo?" akauliza Odilo.

"Hatukujua, kaka. Ninyi ndio wa kwanza kutupigia. Naona kila mtu alidhani kosa ni la kwake."

Odilo akakata simu. Alitamani sana iwe hivyo, kwamba kila mtu alidhani kosa ni la kwake. Yeye alikuwa amedhani ni la mwenzake.

Jioni, kabla jua halijazama, alikwenda nyumbani kwa Skolastika. Alimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Hakumkaribisha kiti. Odilo alisimama, akamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na neno lile alilolitoa mbele ya Sista.

Skolastika akaendelea kuchambua.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba msamaha hapa barazani, tukiwa wawili."

"Ndiyo, mama."

"Neno lako ulilisema wapi?"

"Hospitalini."

"Basi nalo likarudishwe huko huko."

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya wafanyakazi, kabla watu hawajatawanyika kwenda wodini na wagonjwa wakiwa wameanza kujaa kwenye mabenchi, Odilo aliomba kusema. Akasema kompyuta hazikutegwa na mtu yeyote. Akasema Ponsiano hakuhusika wala mkewe. Akasema, "Sikuelewa, nikaona aibu kukaa bila kuelewa, nikaweka jina la mtu mahali ambapo hapakuwa na kitu." Kisha Sista Editha akasimama naye, akaomba radhi kwa kukubali neno lisilo na ushahidi, akampa Skolastika funguo zake mkononi mbele ya wote.

Skolastika akazipokea, akazifunga kiunoni. Hakutabasamu, na hakusema amesamehe. Akatembea hadi kwenye dirisha lake, akalifungua, akachungulia ndani, akageuka.

"Fundi! Kompyuta yangu umeifanya nini?"

"Nimeifuta, mama. Programu nimekwishazirudisha, ila mpangilio wako wa rafu umepotea."

"Basi lete kiti. Mimi nasoma, wewe unaandika."

Odilo akaleta kiti. Wiki ile kina mama wajawazito walipimwa damu pale pale hospitalini bila kupanda gari. Naye kila alipopata nafasi aliketi nyuma ya dirisha la dawa, Skolastika akitaja jina la dawa na rafu yake, yeye akiandika, na alipokosea alirudishwa mwanzo bila huruma.

Funzo: Ukiona vyombo vyote vya nyumba yako vimeharibika kwa siku moja, usivivunje na usimtafute mchawi, muulize kwanza jirani mnayechota naye maji katika kisima kimoja, kwa maana kusema "sielewi" hakumvunjii mtu heshima, lakini jina la asiye na hatia likishatajwa, kulisafisha ni kazi.