Digidigi Aliyekionea Haya Kivumbasi cha Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, maboga yaligoma kuzaa. Yalitoa maua, maua yakanyauka, basi. Nyuki walikuwa wamehama, maana maua ya porini yalikuwa yamekwisha. Njaa ikaanza kuuma. Wanyama wakakubaliana wapande bustani ya pamoja ili nyuki warudi. Kila mmoja alete mmea unaoota mlangoni kwake, aupande, asimame kando yake aseme, "Hiki ni cha kwetu."

Nguchiro akaleta mgagani. Kobe akaleta mnavu. Na Digidigi je? Mlangoni kwao kuliota kivumbasi. Kivumbasi tu! Vijiua vidogo, harufu kali. Digidigi akaona haya.

"Nitachekwa mimi," akasema.

Akanyata, nya, nya, nya, hadi uani kwa binadamu mmoja. Ng'wafu! Akang'oa maua makubwa mekundu, ya kigeni, yaliyojikunja tabaka kwa tabaka.

"Lo! Kumbe kwenu kuna mambo!" wanyama wakashangaa. Wakampa eneo la katikati, pana kuliko yote. Digidigi akapanda, akasimama shingo juu.

"Hiki ni cha kwetu!"

Mama yake alikuwa pale pale. Alisikia yote.

Vuuu! Nyuki mmoja akaja kuonja. Kwenye mgagani akala. Kwenye mnavu akala. Kwenye maua mekundu akazunguka, akasukuma, akazunguka tena. Mlango wa kuingia ndani ya ua hakuna.

"Hapa katikati pote hapana cha kula," akasema. "Siwezi kuwaita wenzangu. Digidigi, tulipokuwa tukihama tulikula kivumbasi mlangoni kwenu. Kiko wapi?"

Digidigi akainamisha kichwa. Masikio yakawaka moto. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake akamsogelea.

"Mwanangu, kwetu ni wapi?"

Hapo Digidigi akaangua kilio. "Nimeiba, na nimewadanganya wote. Nilikionea haya kivumbasi chetu. Nilikuonea haya hata wewe, Mama."

Mama hakumgombeza. Wakaenda nyumbani wote wawili, wakaleta kivumbasi, wakakipanda pale katikati. Vuuu! Vuuu! Nyuki wakarudi kundi zima, maboga yakazaa hadi yakabanana. Siku ya kula, Mama alimpakulia Digidigi kwanza kuliko wote, naye akala macho chini.

Basi, watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: ukikionea haya cha kwenu, umemwonea haya aliyekulea.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aibu mwachieni Digidigi.