Zamu ya Mama Skolastika

Sala haipigi hodi. Ndivyo alivyowaambia Mzee Longino alipopita hapo dirishani akawakuta wanakwaya mmesimama duara, mnamwombea mwenzenu Filotea, nanyi mkatazamana kana kwamba mzee wa watu kaanza kuchanganyikiwa. Sasa mmenifuata mimi niwaeleze. Haya, wekeni vitabu vya nyimbo chini, mkae. Methali hii hatukuiokota kwa wahenga. Ilizaliwa hapahapa kigangoni Lihonde, na wengine waliohusika bado mnawaamkia shikamoo kila Jumapili. Ilianza mwaka ule kahawa ilipozaa mpaka matawi yakavunjika.

Wakati huo Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilikuwa na nyumba kumi na nne, na mwenyekiti wake alikuwa Domitila Kapinga, mwanamke wa shoka. Alhamisi saa kumi jioni, mvua inyeshe au jua liwake, jumuiya inasali, kila wiki kwenye nyumba ya zamu, kwa kufuata daftari lake. Mwenye zamu anatandika meza kitambaa cheupe, anaweka msalaba, mshumaa, na maua kwenye glasi. Wenzake wanakuja kwa mstari wakiimba. Wakifika, hata kama mlango uko wazi, mwenyekiti anapiga hodi mara tatu, mwenye nyumba anaitikia karibuni, ndipo mshumaa unawashwa. Utaratibu huo mnaujua, hatujaubadilisha. Paroko wa zamani aliwahi kuwasifu mbele ya vigango vyote kwamba kwa miaka mitatu hawajakosa Alhamisi hata moja, na Domitila alitembea na sifa ile kama mtu aliyevaa kanga mpya.

Nyumba ya tano kwenye daftari ilikuwa ya Mama Skolastika, mjane, anayekaa peke yake juu kilimani, ng'ambo ya kijito. Alizaa watoto wawili, wote akawazika. Hakumzaa Domitila, lakini Domitila alikuwa mwanawe wa ubatizo. Skolastika ndiye aliyempakata siku anamwagiwa maji kichwani, ndiye aliyemfundisha Baba Yetu, ndiye aliyemshonea gauni la Komunyo ya kwanza kwa mkono, mshono mmoja baada ya mwingine. Lishikeni hilo, maana bila hilo hamtaona ubaya wenyewe ulipo.

Mwezi wa sita Skolastika akaanguka shambani. Habari zikashuka kwamba mama miguu inamsumbua, hawezi kuja kanisani. Alhamisi hiyohiyo Domitila akaandika jina lake kwenye ukurasa wa wagonjwa, na ilipofika nafasi ya maombi akasoma kwa sauti yake ile nzuri: tumwombee mama yetu Skolastika, Bwana amtembelee na kumfariji. Sisi tukaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Nasema sisi kwa sababu nilikuwemo, na katika kuitikia hakuna aliyenishinda.

Lakini kupanda kile kilima kumwona, aka. Mzee Nikodemu, ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya kijito, alijua akina mama wamekwenda. Akina mama tulijua Domitila kaenda, kwani mtu atamsahau vipi mama yake wa ubatizo? Domitila naye alijua Nikodemu yuko pale chini, kama kuna jambo angelisema. Kila Jumapili alijiambia leo napanda. Halafu kahawa inataka kumenywa kabla haijachacha, halafu kuna kikao cha kigango, halafu jua limezama. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema msije mkanielewa vibaya.

Wiki ya nne jumuiya ilisali kwa Nikodemu. Mwishoni Domitila akafungua daftari kutangaza zamu ya wiki ijayo, na jina lililofuata likawa la Skolastika.  Kisha akasema mama yetu ni mgonjwa, atapata wapi nguvu za kufagia na kutandika meza, tusimsumbue, tumruke mpaka apone. Wote tukasema kweli, hiyo ndiyo huruma. Mmoja wetu hata alipiga makofi. Basi kwa huruma yetu, nyumba moja tu katika kumi na nne iliyokuwa na haja ya kutembelewa tukairuka, wala hakuna aliyetumwa kwenda kumwambia mwenyewe kwamba karukwa.

Alhamisi iliyofuata tulipita bondeni chini ya nyumba yake tukiimba, tukielekea nyumba ya sita. Tuliimba vizuri sana siku hiyo.

Wiki saba zikatimia. Jumapili yake akaja Padre Anselmi, paroko mpya, kusoma Misa kwetu kwa mara ya kwanza, maana kigango kilipata padre mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine ni ibada na katekista. Kijana, mwembamba, mpole wa sauti. Kwenye maombi ya waamini Domitila akapanda mimbarini, akasoma jina la Skolastika kama kawaida, watu wakaitikia kama kawaida. Misa ikaendelea. Baada ya Komunyo, wakati wa matangazo, padre akasema amebakiza Komunyo kwa ajili ya mgonjwa aliyetajwa, angependa kumpelekea leo. Akamgeukia Domitila pale kwenye benchi la mbele.

"Mama, huyu mama Skolastika anaumwa nini?"

"Miguu, Padre."

"Yote miwili?"

 Domitila akageuka kumtazama Nikodemu. Nikodemu akatutazama sisi akina mama. Sisi tukamtazama Domitila. 

"Nani alimwona mara ya mwisho?" padre akauliza tena, bila ukali wowote.

"Anaendelea vizuri, Padre," Domitila akasema.

"Nani kakwambia?"

Jamani. Mwanamke yule alikuwa kadanganya kanisani, mbele ya Ekaristi, na sote tulijua, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa sababu uongo ule ulikuwa wa kwetu wote. Domitila alijifunika uso kwa kanga. Alisema baadaye kwamba pale ndipo alipoanza kuogopa. Si kuogopa aibu, aibu alikuwa nayo tayari. Aliogopa kwamba mama yake amekwisha kufa, na kwamba yeye amekuwa akimsoma kwenye ukurasa wa wagonjwa huku anastahili ule wa marehemu.

Tukapanda. Padre mbele na Ekaristi kifuani, katekista na kengele ndogo, Domitila nyuma yao, na sisi wengine tukifuata bila wimbo. Njia ilikuwa imeota nyasi. Domitila aliona hilo kabla ya mtu yeyote, akaanza kutembea upesi, kisha akampita katekista, kisha akampita padre mwenyewe, jambo ambalo halifanywi. Hakuna aliyemzuia. Pale juu jirani wa pekee alikuwa Evodia, Mwanglikana, na kwake kulikuwa kumefungwa kwa kufuli.

Mlango wa Skolastika ulikuwa umerudishwa tu. Domitila alisimama mbele yake, mkono umeinuka, hawezi kuushusha wala kuusukuma mlango. Padre akamwambia taratibu, mama, piga hodi.

Akapiga. Kimya. Akapiga mara ya pili. Kimya. Akapiga mara ya tatu akiwa tayari analia, na ndani ikasikika sauti nyembamba, kavu.

"Karibuni. Zamu yangu imefika?"

Wanangu, nimezika mume, nimezika ndugu, lakini mpaka leo sijasikia neno lililonikata maini kama lile. Tuliingia. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Msalaba upo. Mshumaa upo, mzima, haujawahi kuguswa na moto. Maua kwenye glasi yalikuwa makavu, na glasi nayo ilikuwa kavu. Skolastika alikuwa kitandani kando ya meza, amekonda hata macho yamekuwa makubwa kuliko uso, midomo imepasuka. Alipoona Domitila anaitazama ile glasi, akaona haya.

"Maji ya maua nimeyanywa," akasema. "Mnisamehe. Nilitaka kuweka mengine."

Nilikwenda kwenye mtungi mimi mwenyewe. Nikaingiza kata, ikagonga udongo mkavu. Padre alikuwa amesimama na Mwili wa Kristo mikononi, na ilibidi asubiri, kwa sababu koo la mwanamke yule lisingeweza kumeza hata kipande cha mkate. Nikodemu, mzee mzima, alishuka kilima kile mbio mpaka kijitoni. Domitila alimnywesha kwa kijiko, maji yakimwagika shingoni.

Habari yenyewe tuliipata vipandevipande. Evodia ndiye aliyekuwa akimtekea maji na kumletea ugali muda wote huo. Jumatano aliitwa kwa binti yake aliyekuwa akijifungua, akaondoka bila wasiwasi. Alituambia alipokuja kurudi kwamba alisikia jina la jirani yake linatajwa na Wakatoliki kila wiki, akajua wenzake wa dini watapanda. Kwa hiyo tangu Jumatano hadi Jumapili hakuna mguu wa mtu uliokanyaga pale. Na ile meza? Skolastika alijua kuhesabu. Alijua baada ya Nikodemu ni yeye. Alhamisi ile alijikokota kwa fimbo akaitandika, akasikia tunakuja tukiimba bondeni, akakaa sawasawa kitini, kitenge kimefungwa vizuri, akingoja hodi. Wimbo ukapita. Akadhani kakosea wiki. Alhamisi iliyofuata akakung'uta kitambaa, akaweka maua mengine, akangoja tena. Na iliyofuata tena.

Domitila alipiga magoti akamshika mkono.

"Mama, tulikuombea. Kila wiki tulikuombea, hatukukosa hata moja."

"Najua, mwanangu," Skolastika akasema, na hakusema kwa uchungu, ndiyo maana liliuma. "Niliwasikia. Sala yenu ilifika. Ila haikupiga hodi."

 Padre Anselmi alimpaka mafuta, akampa Komunyo, tukasali Baba Yetu kwa sauti za chini kama watoto waliochapwa.

Siku zile tatu zilizofuata, msiulize. Kilima kizima kilijaa watu. Tuligombania kumpikia uji. Wawili walikaribia kupigana kwa ajili ya nani amfulie. Domitila hakushuka kabisa. Aliacha kahawa yake ichache kwenye ndoo, akalala chini kwenye mkeka, karibu na kitanda. Jumanne Skolastika akamwuliza, Alhamisi ni zamu ya nani? Domitila akamwambia ni yako, mama. Basi bibi akachangamka, akaagiza kitambaa kifuliwe na kipigwe pasi ya mkaa, akachagua mwenyewe maua ya kuchumwa, akasema safari hii maji ya kutosha, yawe ya maua na ya wageni.

Alhamisi asubuhi, wakati Domitila anakunja kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, Skolastika akakata roho. Alikuwa amepumzika tu, tukadhani kasinzia.

Saa kumi jioni jumuiya ilipanda. Domitila alikuwa ametoka nje akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, na ndani akina mama waliokuwa wakilia karibu na maiti wakanyamaza. Alipiga hodi. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Meza ilikuwa imetandikwa, maua mabichi, glasi imejaa mpaka ukingoni. Tulikuwa zaidi ya mia pale uani, na kila mmoja wetu angeweza kuitikia karibu, lakini karibu si yetu, ni ya mwenye nyumba. Tukasimama tukasubiri hivyo hivyo, wajinga sisi, kama vile atajibu.

Mwishowe Domitila akafungua daftari kwenye ukurasa wa wagonjwa. Yalikuwepo majina mengine matatu. Hakuyasoma. Aliuliza tu, mmoja baada ya mwingine, huyu leo kaonwa na nani, na palipokosekana jibu akatuma mtu palepale, kabla ya sala, kabla ya nyimbo. Mtu mmoja alipouliza kama hatusali kwanza, ndipo aliposema maneno yale, na tangu siku hiyo Lihonde nzima inayasema.

Basi mmeyapata mliyokuja kutafuta. Lakini msiinuke bado, nami nina swali langu. Huyu Filotea wenu, mnayemwombea Jumamosi ya tatu sasa, anaumwa nini?

Mbona mnatazamana?

Nendeni. Viacheni hivyo vitabu, nitaviokota mwenyewe. Sala haipigi hodi.